Karavani Ndani ya Ghala la Nafaka

Katika mashamba mengi ya Uingereza, hasa yaliyo kando ya miji na barabara kuu, kuna ua au banda ambalo halihifadhi tena ng'ombe wala nafaka, bali limejaa nyumba nyeupe za magurudumu zilizopangwa safu kwa safu, ambazo hukaa hapo miezi mingi bila mtu ndani. Nyumba hizo ni karavani, yaani vyumba vyepesi vilivyojengwa juu ya fremu ya chuma, visivyo na injini, vyenye vitanda, jiko la gesi na mara nyingi choo, ambavyo familia huvikokota kwa gari lake kwenda pwani au milimani wakati wa likizo. Likizo ikiisha, mwenye karavani humlipa mkulima ada ya mwaka ili chombo hicho kilale mahali salama, na mkulima hupata fedha bila kulima, kupalilia wala kuvuna. Kwa kuitazama juu juu, hakuna biashara ya shambani iliyo nyepesi kuliko hii. Ikichunguzwa kwa undani, hata hivyo, uzito wake huonekana kuwa katika sheria zaidi kuliko katika kazi ya mikono, kwa kuwa kila kipande cha ardhi kinachopokea karavani huanza kutoka katika kundi la mambo ambayo sheria ya nchi hiyo huyatambua kuwa ni kilimo.

Mapenzi ya Waingereza kwa nyumba za kukokotwa yana historia ndefu. Mwaka 1885 William Gordon Stables, aliyekuwa daktari wa jeshi la wanamaji na baadaye akajipatia jina kwa kuandika hadithi za vijana, alitengenezewa mjini Bristol gari la kukokotwa na farasi lililoitwa The Wanderer, akazunguka nalo nchi kwa starehe tu. Klabu ya wenye karavani iliundwa mwaka 1907. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kampuni ya Eccles ya Birmingham ikaanza kutengeneza karavani za kukokotwa na magari. Na baada ya Vita vya Pili bei zilishuka kiasi kwamba starehe iliyokuwa ya matajiri ikawafikia wafanyakazi wa kawaida. Viwanja vya nyumba havikupanuka pamoja na starehe hiyo. Nyumba nyingi za mijini zimeshikana ukuta kwa ukuta, mbele yake pana nafasi ya gari moja au hapana nafasi kabisa, na katika mitaa mipya hati za umiliki mara nyingi huwa na sharti linalomkataza mwenye nyumba kuweka karavani mbele ya mlango wake, ili mtaa usiharibike sura. Mkazi wa Dar es Salaam anayelipa kwa mwezi ili gari lake lilale kwenye yadi yenye mlinzi, kwa sababu uchochoro wa kwake haupitiki, ataielewa hoja hii mara moja, ila gari lake hutoka kila asubuhi, ilhali karavani ya Uingereza huweza kutoka kwa wiki chache tu kati ya Pasaka na mwezi Oktoba, kisha ikakaa kipindi chote cha baridi bila kuguswa. Kampuni za bima nazo husukuma upande huohuo, kwa kuwa nyingi hupunguza malipo ya mteja ambaye karavani yake imehifadhiwa mahali palindwapo, na nyingine hukataa kabisa kuikatia bima karavani ya thamani kubwa inayoachwa kando ya barabara.

Upande wa mkulima, msukumo umetoka serikalini na katika kilimo chenyewe. Kwa miongo kadhaa, wakati nchi ikiwa ndani ya Umoja wa Ulaya, wakulima walilipwa ruzuku iliyohesabiwa kwa ukubwa wa ardhi yao, na kwa mashamba mengi ruzuku hiyo ndiyo iliyotenganisha faida na hasara. Baada ya kujitoa katika Umoja huo na kupitishwa kwa Sheria ya Kilimo ya mwaka 2020, England ilianza kuipunguza hatua kwa hatua kuanzia 2021, ikalenga kuifuta kabisa ifikapo 2027, na mahali pake ikaweka malipo ya kutunza mazingira, kama vile udongo, maji na vichaka vya mipakani. Pengo lililobaki limewafanya wakulima watafute kile ambacho wataalamu wa uchumi wa vijijini hukiita upanuzi wa vyanzo vya mapato, yaani kutumia ardhi, majengo au mitambo ya shamba kwa shughuli isiyo ya kilimo huku kilimo kikiendelea. Takwimu za wizara inayohusika na kilimo zinaonyesha kwamba takribani theluthi mbili ya mashamba ya England yana shughuli ya namna hiyo, na iliyoenea kuliko zote ni kukodisha majengo.

Majengo yenyewe yapo, na sababu ya kuwapo kwake bila kazi ni ya kuvutia. Mabanda yaliyojengwa katikati ya karne ya 20 yalipimwa kwa mitambo ya wakati ule. Mashine ya kisasa ya kuvunia ngano, ambayo kimo chake hukaribia mita 4, haiwezi kupita chini ya mihimili yake, na malori makubwa ya nafaka hayawezi kugeuka ndani ya ua wake. Karavani, kwa upande mwingine, ina kimo cha mita 2.6 hivi na huingia bila shida. Mabanda ya ng'ombe wa maziwa nayo yamebaki matupu kadiri wafugaji wadogo walivyoshindwa na bei ya maziwa na kuuza mifugo yao. Jengo lisilofaa tena kwa kilimo hugharimu matengenezo mwaka hadi mwaka, kwa hiyo hata ada ndogo ya karavani ni afadhali kuliko paa linalovuja juu ya sakafu tupu.

Hesabu za biashara hii zinavutia, na pengine zinavutia mno. Hekta moja ya ngano nchini Uingereza hutoa wastani wa tani 8, ambazo kwa bei ya pauni 180 kwa tani huleta pauni 1,440 kabla ya kutoa gharama za mbegu, mbolea, dawa na mafuta. Ikichukuliwa kwa kukisia tu kwamba hekta hiyohiyo imewekewa karavani 100, kila moja ikilipiwa pauni 400 kwa mwaka, mapato yanafika pauni 40,000. Mkulima anayeishia katika hesabu hiyo hujidanganya, kwa sababu hekta inayofaa kwa karavani haifanani na ile iliyokuwa na ngano: ni lazima udongo wa juu uondolewe, kokoto ngumu zishindiliwe ili magurudumu yasizame wakati wa mvua za baridi, maji yatafutiwe njia, uzio usimamishwe, taa na kamera zifungwe, na mambo hayo yote hulipiwa kabla mteja wa kwanza hajafika.

Uhifadhi wenyewe hufanyika kwa namna mbili. Nje, kila karavani hupewa nafasi yake yenye namba, na njia kati ya safu huachwa pana kiasi cha kumwezesha mwenyewe kuingia na gari lake, kuunganisha na kuondoka bila kumsumbua mtu. Ndani ya banda, nafasi ni ghali, hivyo karavani hubananishwa hadi baina yake hupita mtu mmoja kwa ubavu. Mkulima huzisukuma mwenyewe kwa trekta iliyofungwa kiungio cha mbele, na mteja anayetaka kusafiri hutakiwa kutoa taarifa siku kadhaa kabla, kwa kuwa huenda yake iko nyuma ya nyingine sita. Kabla ya kuingizwa, mitungi ya gesi hutolewa kwa kuhofia moto, mabomba humwagwa maji ili barafu isiyapasue, na vyakula vyote huondolewa, kwani panya wa ghala la nafaka hawachagui makazi. Adui mkubwa kwa karavani za nje ni unyevu, ambao hupenya kwenye maungio ya kuta na kuozesha mbao za ndani kimyakimya, na ndiyo maana wenye karavani mpya hukubali kulipa zaidi ili zilale chini ya paa.

Ulinzi ndio bidhaa hasa inayouzwa. Karavani ni mali ya ajabu kwa mwizi, kwa maana imetengenezwa ili ikokotwe na gari lolote lenye kiungio, haina injini ya kuwasha, na Uingereza haina daftari la serikali la wamiliki wake kama lilivyo la magari. Kuziba pengo hilo, watengenezaji walianzisha mwaka 1992 mfumo wa usajili uitwao CRiS, ambao huipa kila karavani namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17, ikagongwa kwenye fremu na kuchorwa kwenye vioo vya madirisha. Wenye maeneo ya kuhifadhia wana chama chao, CaSSOA, ambacho hukagua uzio, geti, kamera na ukaribu wa mtu anayeishi hapo, kisha hupanga maeneo katika madaraja yenye majina ya madini kama shaba, fedha na dhahabu, na kampuni za bima huyatazama madaraja hayo zinapopanga bei. Hapa mkulima ana faida ambayo mwenye godauni la mjini hana: nyumba yake inatazama ua, mbwa wake hubweka, na kwa kuwa ana trekta anaweza kuchimba mtaro na kuinua tuta la udongo kuzunguka eneo zima, kizuizi ambacho hakikatwi kwa mkasi wa chuma.

Sheria huanza pale mkulima anapodhani kwamba ardhi ni yake na anaweza kuweka juu yake atakacho. Nchini humo, kubadili matumizi ya ardhi kutoka kilimo kwenda uhifadhi huhitaji idhini ya mamlaka ya mipango ya wilaya, hata kama hakuna tofali lililojengwa. Kwa majengo ya zamani ya kilimo England imelegeza masharti, na tangu Mei 2024 hadi mita za mraba 1,000 za sakafu zinaweza kugeuzwa kuwa za biashara kwa utaratibu mfupi wa kuiarifu mamlaka. Uwanja wa wazi wenye safu za mabati meupe yanayoonekana kutoka kilima cha jirani haupati upendeleo huo, na hapo ndipo maombi mengi hukwama. Wapo wanaoanza kimya bila idhini, wakitegemea kanuni kwamba matumizi yaliyoendelea miaka 10 bila kupingwa hayawezi kuzuiwa tena, lakini ni mkulima mwenye majirani wapole sana anayeweza kuutegemea mpango huo. Leseni ya maeneo ya karavani iliyowekwa na sheria ya mwaka 1960 haihitajiki, kwa sababu inahusu karavani zinazokaliwa na watu. Mteja mmoja akilala humo kwa wiki kadhaa, hali hubadilika.

Kodi hufuata mkumbo huohuo. Ardhi na majengo ya kilimo yamesamehewa kodi ya majengo ya biashara tangu mwaka 1929, na msamaha huo huondoka siku banda linapogeuzwa kuwa ghala la karavani, ingawa biashara ndogo yenye jengo moja ambalo thamani yake ya upangishaji haizidi pauni 12,000 kwa mwaka hupata nafuu kamili. Shamba lililosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, kama yalivyo mengi, hulazimika kuongeza asilimia 20 juu ya ada, na mwenye karavani hana pa kuidai. Mkulima mpangaji ana kizingiti kingine, kwani mkataba wake na mwenye ardhi kwa kawaida humruhusu kilimo pekee.

Baada ya miaka michache hujitokeza pia karavani zisizo na wenyewe: mteja ameacha kulipa, simu haipokelewi, tairi zimepasuka na kuvu wa kijani ametanda juu ya paa. Mkulima hana ruhusa ya kuiburuta na kuichoma. Sheria ya mwaka 1977 kuhusu mali za watu wengine humruhusu kuiuza, mradi amtumie mwenyewe notisi ya maandishi, na akiwa anadai ada, notisi hiyo isipungue miezi mitatu. Kinachobaki baada ya deni na gharama ni cha mwenye karavani.

Suala zito kuliko yote hujitokeza mkulima anapofariki. Kodi ya mirathi nchini humo ni asilimia 40 ya mali inayozidi kiwango kilichosamehewa, na mashamba yamekuwa yakirithiwa bila kuuzwa kwa sababu ya nafuu mbili, moja ya mali ya kilimo na nyingine ya mali ya biashara. Ya kwanza haiugusi ua wa karavani, kwa sababu ua huo haulimwi wala haulishi mifugo. Ya pili, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1984, hunyimwa biashara ambayo kwa sehemu kubwa ni kushikilia mali ili ilete kodi ya pango, na mamlaka ya mapato huuona uhifadhi wa karavani kuwa ni wa namna hiyo. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa iliamua shauri la warithi wa biashara iliyochanganya makazi ya nyumba za kuhamishika, klabu na uhifadhi wa karavani, ikasema kwamba biashara itazamwe kwa ujumla wake na kwamba kushikilia mali kulikuwa sehemu moja tu kati ya nyingi, hivyo warithi wakapata nafuu. Tangu serikali ilipotangaza Oktoba 2024 kwamba nafuu zote mbili zitapunguzwa kuanzia Aprili 2026, tangazo lililowaleta maelfu ya wakulima kuandamana London mwezi uliofuata, washauri wa kodi wamezidi kuuliza swali ambalo zamani lilionekana dogo: karavani ziko katika banda gani, na daftari la hesabu zake limetenganishwa na la ng'ombe au la.