Mto Uliochimba Kilindini

Maji yakipwa, shuka ufuoni mwa Mji wa Kale, Mombasa. Utaona mwamba wa matumbawe umeliwa chini, juu umejitokeza kama upenu. Mwamba huu ndio Wareno waliouchagua mwaka 1593 kujengea Fort Jesus. Haumomonyoki chembe kwa chembe, kwa kuwa chokaa imeyagandisha matumbawe yakawa jiwe. Huchimbwa mguuni taratibu, mpaka siku pande zima linapoanguka.

Kingo za mito nazo huanguka kwa namna hiyo, ila huko kasi huamuliwa na udongo. Chembe za mchanga hazishikani. Mkondo huzizoa mojamoja, na mto wa kingo za mchanga hutanuka na kuhamahama. Udongo wa mfinyanzi hushikana, hivyo mto wake huwa mwembamba wenye kingo wima. Penye mchanga chini na mfinyanzi juu, mchanga hutangulia kuondoka, mfinyanzi ukabaki ukining'inia. Tena kingo nyingi huporomoka mafuriko yakishaanza kupungua: udongo ungali mzito kwa maji uliyoyanywa, na mto uliokuwa ukiuegemeza umeshuka.

Sasa tazama kisiwa chenyewe cha Mombasa. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipofunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120. Mito ya pwani ikalazimika kuchimba mabonde marefu kwenda chini kuifuata. Bahari iliporudi, iliyafunika mabonde hayo, yakawa mahori mawili: Tudor upande mmoja, Kilindini na Port Reitz upande wa pili. Katikati yake ndiyo Mombasa. Jina Kilindini, penye kilindi, linatunza kumbukumbu ya kazi ya mto.

Kazi hiyo haijakoma. Mto Mwache huteremka kutoka Kwale hadi Port Reitz ukipita kwenye miamba laini ya tope la kale, ambayo ikichakaa huwa mfinyanzi. Mchanga hutua mapema, mkondo unapopoa. Mfinyanzi husafiri hadi kwenye maji ya chumvi. Huko chembe zake hugandamana, zikawa nzito, zikazama. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi mno, likafukia mizizi ya kupumulia ya mikoko ya Mwache, na mikoko mingi ikafa.

Kilindi ilichokichimba mito, mito hiyohiyo inakifukia.