Gari Kuukuu Linapomisi: Hitilafu Inayokuja na Kuondoka (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza kwamba injini ya petroli hudai mafuta, hewa na cheche kwa pamoja, na kwamba kimoja kikikosekana hata kwa muda mfupi, gari hukohoa na kutikisika, hali ambayo mafundi huiita kumisi. Sehemu hii inashughulikia hitilafu iliyo ngumu zaidi, nayo ni ile isiyodumu: gari humisi njia nzima kutoka Mtongwe, Mombasa, hadi feri ya Likoni, kisha likifikishwa gereji hunguruma vizuri kana kwamba halina lolote. Fundi asiyeikuta hitilafu huishia kubahatisha, akabadilisha plagi leo, koili kesho na pampu ya mafuta wiki ijayo, na kwa kuwa spea nyingi ni za mitumba zilizong'olewa kwenye gari la umri uleule, mwenye gari huweza kulipia kifaa kibovu kuliko kile kilichotolewa. Lililo la busara ni kutofungua chochote mpaka ijulikane hitilafu hutokea wakati gani, iwe ni wakati wa joto, wa unyevu au wa mzigo, na shahidi wa hayo ni dereva, si fundi.

Joto huonekana wazi zaidi kwenye foleni ya Likoni, kivuko ambacho feri zimekihudumia tangu 1937. Gari husimama pale likiunguruma bila upepo wa mwendo, feni ikivuta hewa ambayo tayari ina moto, na joto lote hukusanyika chini ya boneti. Kifaa kinachoshindwa kwanza katika hali hiyo mara nyingi ni koili, yaani mizunguko miwili ya waya wa shaba inayoipandisha volti 12 ya betri hadi volti 20,000 na zaidi ili cheche iruke kwenye plagi. Utandu unaoutenganisha waya na waya ukishazeeka, joto huufungua ufa na umeme hupotea humo, kisha koili ikipoa ufa hujifunga na gari huwaka tena. Sensa inayosoma mzunguko wa krenkishafti huwa na tabia hiyohiyo. Kwa hiyo kipimo chenye maana ni kile kinachofanywa injini ikiwa imezima na ingali moto: kifaa cha kupimia cheche kiunganishwe na waya wa plagi, injini izungushwe kwa stata, na cheche itazamwe. Cheche ikikosekana, kasoro iko upande wa umeme. Ikiwa kali na ya buluu, uchunguzi uhamie kwenye mafuta. Waya wa plagi usishikwe mkononi wala kuachwa ukining'inia hewani, kwani umeme huo huumiza mtu na huweza kuunguza vifaa vya elektroniki.

Unyevu una njia zake. Gari linalomisi asubuhi za masika, miezi ya Aprili na Mei, kisha likatulia jua linapopanda, lichunguzwe kifuniko cha distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi kwa zamu. Kikifunguliwa na kumulikwa tochi, huweza kuonekana ndani yake mistari myeusi, myembamba mithili ya unywele, ambayo ni njia zilizochongwa na umeme uliotoroka. Kifuniko cha namna hiyo hakisuguliwi, hubadilishwa. Usiku, injini ikiwa inaunguruma, nyaya za plagi zikinyunyiziwa maji kidogo sana, zile zilizopasuka hutoa vimulimuli vya buluu. Chumvi ya bahari huongeza jambo jingine ambalo wengi hulipuuza: waya wa athi, unaounganisha injini na bodi na betri, huota upele wa kijani na mweupe kwenye ncha zake. Mita ikiwekwa kati ya chuma cha injini na ncha hasi ya betri wakati wa kupiga stata, ikaonyesha zaidi ya nusu volti, athi hiyo isafishwe kabla ya senti moja kutumika kununua spea.

Mzigo hujulikana kwenye mwinuko wa kutoka Makupa kwenda Changamwe. Gari linalokwenda vizuri penye tambarare lakini likakohoa linapopanda kwa kawaida lina kiu ya mafuta: filta imeziba, au pampu imechoka. Magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1990 yenye injekta huhitaji shinikizo la pauni 38 hadi 44 kwa inchi ya mraba, na geji ndiyo isemayo kweli. Kutu na tope la tangi nalo huvutwa likaziba chujio la pampu, gari likazima, kisha tope hilo huanguka chini injini ikipumzika, na kwa sababu hiyo gari huwaka tena baada ya robo saa na kumdanganya kila mtu kwamba kosa ni la joto.

Msaada mkubwa umo ndani ya gari lenyewe. Katika Toyota hizo, swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, waya mfupi ukiunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha majaribio, taa ya injini kwenye dashibodi humweka kwa hesabu: mmweko mmoja, kituo, kisha minne ni namba 14, inayoonyesha kwamba ishara ya cheche ilipotea. Namba hiyo hubaki kwenye kumbukumbu hata hitilafu ikishaondoka, lakini hufutika betri ikichomolewa, na kuchomoa betri ndilo jambo la kwanza linalofanywa katika gereji nyingi. Mwenye gari ana haki ya kudai namba zisomwe na kuandikwa kabla ya spana kugusa betri. Sehemu ya tatu itaeleza uvujaji wa hewa kwenye manifoldi.