Je, Wajua? Kibodi Mpya, Herufi za Karne ya 19

Kibodi utakayonunua leo ina mpangilio wa herufi uliozaliwa kwenye mashine ya taipu. Aliyeubuni ni Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani. Kampuni ya Remington ilianza kuuza mashine yake mwaka 1874, nayo iliandika herufi kubwa tu!

Kibodi hazifanani. Ya Kifaransa, ambayo utaikuta Kongo na Burundi, huanza na A, Z, E, R, T, Y. Ya Kijerumani huweka Z mahali pa Y. Hata zile mbili za Kiingereza zinatofautiana: ya Marekani ina @ juu ya 2, ya Uingereza ina alama za kunukuu hapo, na @ imesogezwa karibu na Enter. Ukinunua mtumba, itazame 2 kabla ya kulipa.

Papasa F na J. Zina vinundu vidogo vinavyoongoza vidole vya shahada bila macho kutazama chini.

Bei imejificha chini ya vitufe. Kibodi rahisi huwa na vikombe vya mpira, na mpira huchoka. Kibodi ya mekanika ina swichi na springi kwa kila kitufe. Swichi za chapa ya Cherry MX, kwa mfano, hutengenezwa kuhimili zaidi ya mibonyezo milioni 50.

Kiswahili karibu hakigusi Q wala X, lakini A hakiipumzishi. Ukiwa dukani, ijaribu A kwanza.