Upimaji wa oksitosini kwa kromatografia ya kiowevu

Kromatografia ya kiowevu ni mbinu ya kemia ya kutenganisha vitu vilivyoyeyushwa pamoja. Katika famasia hutumika kupima usafi wa peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino. Mfano muhimu ni oksitosini, dawa ya sindano anayochomwa mama baada ya kujifungua ili asivuje damu nyingi.

Oksitosini ina asidi amino 9. Mwanakemia Mmarekani Vincent du Vigneaud aliyeitengeneza maabarani alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1955. Joto huiharibu, hivyo kwa kawaida hutunzwa katika sentigredi 2 hadi 8. Katika jiji la joto kama Dar es Salaam, chupa iliyokaa muda mrefu nje ya friji inaweza kupoteza nguvu huku maji yake yakibaki maangavu. Mwenye duka la dawa Kariakoo au mkunga wodini hawezi kutambua kwa macho.

Katika kipimo, sampuli husukumwa kwa shinikizo kubwa kupitia bomba fupi la chuma lililojazwa punje ndogo sana za silika zilizopakwa minyororo ya kaboni. Kinachoisukuma ni maji yenye asetonitrili, ambayo mara nyingi huongezwa kidogokidogo. Molekuli zisizopenda maji hung'ang'ania punje na kuchelewa kutoka. Mwishoni hupita kwenye mwanga wa urujuanimno wa nanomita 220 hivi, na kompyuta huchora kilele kwa kila kinachofyonza mwanga huo.

Eneo la kilele cha oksitosini, likigawanywa kwa jumla ya maeneo ya vilele vyote, hutoa asilimia ya usafi. Namba hii hueleweka vibaya mara nyingi. Maji na chumvi nyingi havionekani kwenye mchoro, kwa hiyo unga wenye usafi wa 98% unaweza kuwa na peptidi pungufu ya 98% ya uzito wake. Vitu viwili vikitoka pamoja huhesabiwa kama kimoja. Tena dawa inaweza kuwa safi lakini hafifu. Ndiyo maana kiasi hupimwa kando, kwa kulinganisha kilele chake na cha oksitosini sanifu. Famakopea ya Marekani hutaka 90% hadi 110% ya kiasi kilichoandikwa kwenye lebo.

Nchini Tanzania ubora wa dawa husimamiwa na TMDA, iliyoitwa TFDA hadi mwaka 2019. Maabara yake jijini Dar es Salaam ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011.