Uzamili na Uzamivu Nje ya Ukumbi wa Mihadhara

Shahada ya uzamivu kwa sura yake ya leo ilikomaa Ujerumani katika karne ya 19, hasa baada ya Chuo Kikuu cha Berlin kufunguliwa mwaka 1810. Wamarekani waliokwenda kusoma huko waliichukua wakarudi nayo kwao, na Yale ikatunuku za kwanza mwaka 1861. Waingereza walisitasita mpaka 1917, Oxford ilipoikubali. Kote huko nia ilikuwa kupata watafiti ambao nao watafundisha watafiti wengine, na ndani ya nia hiyo kulikuwa na kasoro ya hesabu. Profesa anayefanya kazi miaka thelathini huweza kusimamia wanafunzi kumi na watano wa uzamivu hadi wakamaliza, lakini akistaafu huacha kiti kimoja tu. Vyuo vikiwa vinaongezeka kwa kasi pengo hilo halionekani. Kasi ikipungua, wahitimu hurundikana mlangoni. Mwaka 2010 taasisi ya Royal Society ya Uingereza ilitoa makadirio kwamba asilimia 53 ya wanaopata uzamivu wa sayansi nchini humo huiacha kazi ya sayansi mara wanapohitimu. Wanaopata ajira ya kudumu ya utafiti chuoni ni asilimia 3.5, na wanaofikia uprofesa hawatimii hata mmoja katika kila mia mbili. Kwa hiyo kazi ya nje ya chuo ndiyo njia ya wengi, ingawa bado husemwa kwa sauti ya pole, kana kwamba mhitimu amepatwa na msiba.

Afrika Mashariki mlango wa ajira ya chuo una vizingiti vyake. Nchini Tanzania, matangazo ya nafasi ya mhadhiri msaidizi katika vyuo vya umma kwa kawaida hudai wastani wa alama (GPA) usiopungua 4.0 katika uzamili na 3.8 katika shahada ya kwanza, kati ya 5. Aliyemaliza shahada ya kwanza na 3.4 hawezi kuipandisha tena, hata uzamili wake ukiwa wa kutajwa darasani kila mwaka. Kenya, wengi huishia kuwa wahadhiri wa muda wanaolipwa kwa idadi ya masomo wanayofundisha, na malipo hayo mara nyingi huchelewa. Kuna pia kundi kubwa la watu wazima ambao walianza uzamili wakiwa tayari kazini: walimu, maafisa wa wilaya, wauguzi, wahasibu wanaosoma jioni na wikiendi. Hawa hawatafuti pa kuanzia. Wanatafuta namna ya kuifanya shahada ilipe ada iliyogharimu.

Linalouzika katika masomo hayo mara chache huwa mada ya tasnifu. Mwajiri hana haja ya mtu anayejua kila kilichoandikwa kuhusu matumizi ya vyandarua katika kata tatu za Morogoro. Lakini tazama kilichofanyika ili tasnifu hiyo ipatikane. Mwanafunzi aliandika andiko lenye swali moja linalojibika, akapanga bajeti na ratiba. Aliomba kibali cha utafiti, ambacho nchini Kenya hutolewa na tume ya sayansi, NACOSTI, na Tanzania hupitia tume yake, COSTECH, kwa tafiti nyingi, kisha akapita na barua mkoani, wilayani, hadi kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wake, maana bila salamu hizo hakuna kaya itakayofungua mlango. Aliitafsiri hojaji kwa Kiswahili, akaijaribu, akagundua kwamba swali la tano watu wanalielewa kinyume, akalirekebisha. Aliajiri wadadisi, akawafundisha kuuliza bila kumlisha mhojiwa majibu, akasimamia vishikwambi visiishiwe chaji katikati ya siku. Jioni alikagua data na kubaini mdadisi mmoja amejaza fomu kumi chini ya mwembe. Baadaye alisafisha data hizo, akazichambua kwa programu za takwimu kama Stata, R au SPSS, akaandika kurasa mia na zaidi, akasimama mbele ya jopo lililokuja kwa nia ya kumwangusha. Kila hatua kati ya hizo ni kazi ambayo mahali fulani mtu analipwa mshahara kuifanya. Mhitimu mwenyewe huziita usumbufu wa utafiti na kuzificha chini ya jina la tasnifu.

Soko kubwa la ujuzi huo katika ukanda huu ni kazi inayoitwa ufuatiliaji na tathmini. Mradi wowote unaofadhiliwa, wa maji, lishe au elimu, hutakiwa kumwonyesha mfadhili kwamba fedha zimeleta mabadiliko. Hufanyika utafiti wa awali kabla ya mradi kuanza, tathmini ya katikati, na tathmini ya mwisho. Baina yake kuna takwimu za kila robo mwaka. Ukiondoa majina hayo, kazi yenyewe ni ile ya tasnifu: sampuli, hojaji, wadadisi, uchambuzi, ripoti. Mashirika huajiri maafisa wa kudumu wa kazi hiyo, au hutangaza hadidu za rejea na kuwaita washauri elekezi washindanie. Mshauri elekezi anayeanza huwa hashindi peke yake. Hujiunga na kampuni au na mhadhiri wake wa zamani, akafanya uchambuzi wa data au kuongoza kazi ya uwandani, na jina lake likiisha kutokea kwenye ripoti tatu nne huanza kutafutwa.

Sheria nayo hufungua kazi. Kenya ilitunga sheria ya usimamizi wa mazingira mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2004, na tangu hapo miradi mikubwa ya barabara, migodi na viwanda hairuhusiwi kuanza bila tathmini ya athari kwa mazingira iliyofanywa na wataalamu waliosajiliwa na mamlaka: NEMA upande wa Kenya, NEMC upande wa Tanzania. Wahitimu wa ikolojia, jiografia na sosholojia ambao zamani wangengoja nafasi ya kufundisha walipata mlango wa riziki. Ofisi za takwimu, benki kuu na taasisi za sera kama KIPPRA ya Nairobi huchukua wachumi na wanatakwimu. Vituo vya utafiti wa afya kama Taasisi ya Afya Ifakara, au ushirikiano wa taasisi ya KEMRI na mfuko wa Wellcome kule Kilifi, Kenya, vina mameneja wa data, waratibu wa majaribio ya dawa na maafisa wa ushirikishaji jamii, ambao ni watu wa utafiti wasiobeba mzigo wa kufundisha.

Mfano wa mbali zaidi, na pengine wenye kufunza kuliko yote, ni wa wanafizikia wa Marekani walioingia katika biashara ya fedha. Katika miaka ya 1970 ajira za vyuo zilikauka, na mwaka 1993 Bunge la Marekani likafuta mradi wa mashine kubwa ya kugonganisha chembe huko Texas, hivyo mamia ya watu waliojiandaa kwa fizikia wakabaki bila fizikia ya kufanya. Wakati huohuo mabenki yalikuwa yanahangaika na hesabu ya bei ya mikataba ya haki ya kununua au kuuza hisa kwa siku zijazo. Fomula ya Fischer Black na Myron Scholes, iliyochapishwa mwaka 1973, ukiipanga upya hugeuka kuwa mlinganyo uleule unaoeleza jinsi joto linavyosambaa katika chuma. Mwanafizikia aliutambua mara moja. Black mwenyewe hakusomea uchumi. Uzamivu wake wa Harvard wa mwaka 1964 ulikuwa wa hisabati tumizi. Emanuel Derman, mzaliwa wa Cape Town, alipata uzamivu wa fizikia ya chembe katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1973, akapitia maabara za Bell, na mwaka 1985 akajiunga na benki ya Goldman Sachs, ambako yeye, Black na Bill Toy walibuni modeli ya viwango vya riba inayobeba majina yao matatu. Hakuna benki iliyomwajiri kwa ajili ya chembe. Ilimtaka mtu anayeweza kuligeuza jambo la vurugu kuwa mlinganyo, kuuandikia programu ya kompyuta, na kujua mahali ambapo mlinganyo unadanganya. Hilo la mwisho wengi wa waliomfuata walilisahau, kama mtikisiko wa fedha wa mwaka 2008 ulivyoonyesha.

Mkenya Wangari Maathai hakuondoka chuoni kwa kupanga. Alipata uzamivu wa anatomia ya mifugo Nairobi mwaka 1971, akafundisha hukohuko. Utafiti wake kuhusu kupe wanaoeneza ugonjwa wa ndigana kali ulimpeleka vijijini, na huko akaona jambo zito kuliko kupe: mito imejaa tope, malisho yamekwisha, ng'ombe wamekonda kwa njaa. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti. Mwaka 1982 alijiuzulu kazi ya chuo ili agombee ubunge, akaenguliwa katika ugombea, na chuo kikakataa kumrudisha. Harakati za miti zikawa ndizo kazi yake, na mwaka 2004 zikamletea Tuzo ya Amani ya Nobel. Ukiitazama harakati hiyo kwa jicho la mtafiti, mkono wa maabara unaonekana. Wanawake walilipwa ujira mdogo kwa mche ulionusurika, kwa hiyo ilibidi vikundi vihesabu, virejee shambani na kuripoti. Miradi mingi ya miti ya siku hizi bado huhesabu mashimo yaliyochimbwa.

Wahitimu wa lugha na fasihi huambiwa kwamba shahada zao hazina soko, na kwa Kiswahili maneno hayo yamepitwa na wakati. Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC) ilikifanya lugha rasmi mwaka 2019, Umoja wa Afrika ukakiidhinisha kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, na kila uamuzi wa namna hiyo huzaa nyaraka za kutafsiri na mikutano ya kukalimani. Ukalimani, hata hivyo, ni ufundi wa peke yake. Uzamili wa fasihi haumfanyi mtu mkalimani, na wanaodhani hivyo huaibika dakika kumi baada ya kuvaa vipokea sauti. Mlango mpya zaidi ni wa kompyuta. Mashine zinazotambua matamshi au kutafsiri huhitaji data ya lugha iliyokusanywa na kupangwa vizuri. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, kwa mfano, umekusanya sauti za wasemaji wa Kiswahili. Anayejua kutofautisha lahaja, kuainisha ngeli na kuandika mwongozo ambao watu ishirini wataufuata bila kupingana ana kazi hapo, hasa akijifunza programu kidogo.

Pamoja na hayo yote, wahitimu wengi hukwama kwenye karatasi ya kwanza. Wasifu wa kitaaluma huwa mrefu, huanza na shahada na kuorodhesha makala, mikutano na majina ya wasimamizi. Mwajiri wa nje ana kurasa mbili za subira. Anayeandika “Tasnifu: Vigezo vya kijamii na kiuchumi vinavyoathiri matumizi ya vyandarua” hajasema lolote kwa meneja wa mradi. Mhitimu huyohuyo akiandika kwamba alisimamia wadadisi sita, akahoji kaya mia nne kwa wiki tano, na kuchambua data kwa R, meneja anaona mtu anayeweza kupewa gari na bajeti Jumatatu.

Zipo tabia za chuo ambazo nje huwa kasoro. Chuoni hitimisho hutanguliwa na sura nne. Ofisini jibu huja kwanza, na ushahidi husubiri uulizwe. Chuoni mtu husifiwa kwa kutomaliza mpaka ajiridhishe, ofisini ripoti iliyo sahihi kwa sehemu kubwa na imefika Ijumaa huipita ile kamilifu ya mwezi ujao. Tasnifu huandikwa na mtu mmoja, ripoti hupita mikononi mwa watu watano ambao kila mmoja ana haki ya kuikatakata. Kuandika ukurasa mmoja ambao waziri ataumaliza, kwa kweli, ni kugumu kuliko kuandika sura nzima. Waajiri nao wana hofu zao: kwamba “daktari” atadharau kazi ndogo, atabishana na bosi mwenye shahada moja, au ataondoka chuo kikimwita. Hofu hiyo huondolewa kwenye usaili kwa mifano ya kazi iliyofanywa pamoja na wengine na kukamilika kwa wakati, na baadhi ya wahitimu huacha cheo cha Dk. nje ya barua ya maombi.

Baadhi ya nchi hazingoji mpaka mwisho. Denmark, tangu miaka ya 1970, ina mpango ambao mwanafunzi wa uzamivu huajiriwa na kampuni huku amesajiliwa chuoni, na swali la utafiti hutoka kiwandani. Uingereza, baada ya ripoti ambayo Gareth Roberts aliiandikia serikali mwaka 2002, ilianza kutenga fedha za kuwafundisha wanafunzi wa uzamivu uongozi, mawasiliano na usimamizi wa miradi. Afrika Mashariki kazi hiyo humwangukia mwanafunzi mwenyewe: kuchagua mbinu ya utafiti inayotumika nje, kuomba nafasi katika mradi wa msimamizi wake, kujifunza programu ya kukusanyia data ya KoboToolbox au ramani za kompyuta kabla ya kuhitimu.

Njia ya kurudi chuoni ni nyembamba kuliko ya kutoka. Vyuo hupandisha vyeo kwa kuhesabu makala zilizochapishwa kwenye majarida na miaka ya kufundisha, ilhali ripoti za aliyefanya kazi nje kwa kawaida ni mali ya mwajiri au mfadhili na hazihesabiki. Wanaotaka mlango huo usifungwe kabisa hufundisha somo moja jioni, au huomba ruhusa ya kutumia sehemu ya data za mradi kuandika makala pamoja na msimamizi wao wa zamani, na ruhusa hiyo hupatikana kwa urahisi zaidi ikiombwa kabla ya mkataba kutiwa saini.