KODI YA NYUMBA ZA UMMA IENDE NA DAFTARI LAKE

Masika yanapoelekea ukingoni, mambo mawili hukutana visiwani mwetu. La kwanza ni mvua, ambayo humwonyesha kila mkaazi pahala panapovuja katika nyumba yake. La pili ni makadirio ya mapato na matumizi ya Serikali, ambayo Baraza la Wawakilishi huyajadili ili mwaka mpya wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Kwa wananchi wanaopanga nyumba za umma, mambo haya mawili kwa hakika ni jambo moja. Kodi inayopangwa mezani leo ndiyo itakayoamua kama dari itavuja tena mwakani. Kwa hiyo tunaona ni wajibu wetu kulizungumza jambo hili kabla hesabu hazijafungwa.

Nyumba hizi zina historia ambayo haifai kusahauliwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ilijenga nyumba za ghorofa Kikwajuni na Kilimani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kisha yakafuata majumba marefu ya Michenzani. Pemba nayo ilipata nyumba za maendeleo Wete, Chake Chake na Mkoani. Aidha, majumba mengi ya Mji Mkongwe yaliingia mikononi mwa Serikali katika miaka hiyo hiyo. Shabaha ilikuwa moja: mnyonge apate makaazi bora bila ya kubanwa na mwenye nyumba. Shabaha hiyo ilikuwa njema, na hadi leo ni njema.

Lakini nyumba haitunzwi na shabaha peke yake. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na chumvi hupenya katika nyufa za zege hadi kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, nayo ikivimba huisukuma zege iliyoizunguka mpaka ibanduke vipande vipande. Katika Mji Mkongwe, ambako kuta ni za mawe na chokaa na dari zimebebwa na boriti za mikoko, adui ni maji yanayopenya kutoka juu. Boriti ikilowa msimu hata msimu huoza ndani ya ukuta, pahala ambapo jicho halifiki. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit-al-Ajaib iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha yao. Jumba lile halikuwa la kupangishwa, lakini lilitukumbusha sote kwamba jengo kongwe halimngojei mtu.

Sasa tutazame hesabu. Tuchukulie jengo moja la mfano lenye nyumba 40. Paa lake linahitaji matengenezo makubwa mara moja kila miaka 20, kwa gharama ya shilingi milioni 120. Ili fedha hizo ziwepo siku itakapofika, kila nyumba haina budi kuweka akiba ya shilingi 12,500 kwa mwezi. Pampu ya maji, matangi, kunyonya makaro, taa za ngazi na usafi, tuseme vinagharimu shilingi 10,000 kwa kila nyumba kwa mwezi. Tuongeze shilingi 4,000 za ukusanyaji, ukaguzi na dharura. Jumla ni shilingi 26,500. Iwapo kodi iliyopangwa ni shilingi 15,000, jengo hilo linapungukiwa na shilingi 5,520,000 kila mwaka. Katika miaka 20 upungufu huo unafikia shilingi milioni 110 na zaidi, yaani karibu thamani ya paa zima.

Hizi ni tarakimu za mfano tu, lakini somo lake ni la kweli. Kodi ndogo isiyotosha kutunza nyumba si sadaka kwa mpangaji. Ni mkopo anaoulipa baadaye, kwa maji yanayotiririka juu ya kitanda cha wanawe, na kwa ngazi zilizokatika ambazo bibi mzee hawezi tena kuzipanda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na anayeujenga ukuta huo mara nyingi ni yule yule aliyedhaniwa kusaidiwa.

Hata hivyo, hatusemi kwamba kodi ipandishwe usiku mmoja na kila mtu abebe mzigo sawa. Katika nyumba hizi wamo wajane, wastaafu wenye pensheni ndogo, na wavuvi ambao kipato chao hufuata upepo. Hao wanastahili nafuu, na nafuu hiyo ni jukumu la jamii nzima. Tunachokitaka ni kwamba nafuu iandikwe. Ikiwa mjane analipa shilingi 10,000 katika nyumba inayohitaji 26,500, basi zile 16,500 zilizobaki zionekane katika makadirio ya Serikali kama ruzuku, na Hazina izilipe. Nafuu isiyoandikwa popote haitoki Hazina. Hutoka katika paa. Na nafuu isiyoandikwa humfikia asiyestahili pia: mwenye mshahara mnono, na hata yule anayeipangisha kwa siri nyumba ya umma kwa bei ya soko au kuiachia kwa kilemba, huku akiilipia kodi ya mnyonge.

Kwa upande wao, wapangaji nao wana wajibu. Katika jengo letu la mfano, familia nane zisipolipa, shilingi 2,544,000 hupotea kwa mwaka, na majirani 32 wanaolipa ndio wanaokosa pampu. Lakini watu wa visiwa hivi hulipa kwa moyo wanapoona haki, na hukataa wanapoikosa. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kuwalipa wenye viwanja kodi ya ardhi, kwa kuwa waliona wanatozwa pasipo haki. Viongozi wa leo wanaweza kujifunza kutokana na habari hiyo kwamba kodi inayotangazwa bila maelezo huzaa manung'uniko, na manung'uniko huzaa madeni.

Ndiyo maana tunasisitiza daftari. Shirika la Nyumba Zanzibar lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2014, na kuwapo kwa chombo maalumu ni hatua ya maana. Hatua ifuatayo ni kuhakikisha kwamba fedha ya kodi haichanganywi na fedha nyingine. Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1989 ilizitaka halmashauri zenye nyumba za kupangisha ziweke hesabu ya nyumba mbali na hesabu ya shughuli nyingine, ili kodi ya wapangaji isitumike kwa mambo mengine. Hatuna haja ya kuiga kila kitu cha wageni, lakini jambo hili wahenga wetu walilijua zamani waliposema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wanaohusika na makadirio ya mwaka ujao. Kila jengo lipatiwe hesabu yake ya mapato na matengenezo. Hesabu hiyo ibandikwe mlangoni mwa jengo na kwa sheha, kwa Kiswahili ambacho kila mkaazi atakifahamu. Wapangaji wasikilizwe kabla kodi haijapangwa, na wapewe muda wa kutosha kabla haijaanza kutozwa. Wasiojiweza watambuliwe, na ruzuku yao iingizwe katika makadirio waziwazi.

Mambo haya hayahitaji msaada kutoka nje wala mitambo mipya. Yanahitaji kalamu na uaminifu. Vizazi vilivyotangulia vilizijenga nyumba hizi kwa jasho. Kizazi chetu hakikuombwa kujenga upya, kimeombwa kutunza tu, na itakuwa aibu kwetu tukishindwa na kazi iliyo nyepesi zaidi.