Kabla Kichwa cha Cherehani Hakijapanda Boti

Kwa fundi wa Kibiti mjini, cherehani ikigoma asubuhi, adhuhuri imeshapata mtu wa kuitazama. Kwa fundi wa Kiongoroni au Mfisini, ndani ya Delta ya Rufiji, shughuli ni pevu. Kichwa cha chuma chenye kilo zaidi ya kumi kinafunguliwa mezani, kinatiwa kwenye kiroba, kinangoja maji yajae ili boti ipite mikokoni, kinashushwa Nyamisati, kisha kinapakiwa kwenye pikipiki au gari hadi Kibiti. Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, pesa ya fundi, na huku sare za watoto wa watu zimelala hazijashonwa. Baada ya gharama zote hizo, mara nyingi dawa inakuwa sindano mpya.

Linaniuma hili, kwa sababu cherehani nzima huitwa mbovu, na mwenye nayo hukosa kazi ya Idd au ya kufungua shule kwa jambo ambalo angelimaliza mwenyewe barazani.

Nyingi ya mashine hizo ni zile nyeusi za kukanyaga kwa miguu: Singer za zamani na Butterfly za China. Hazifanani kwa bahati. Butterfly ya toleo la JA ilifuata umbo la Singer namba 15, ndiyo maana bobini na sindano zao huingiliana. Singer iliyoandikwa 15K ilitoka Clydebank, Scotland. K ni ya Kilbowie, kiwanda kilichokamilika mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Ni chuma kitupu, na haidai umeme. Mashine ya namna hiyo haifi kirahisi.

Basi anza na mshono wenyewe. Kila pigo la cherehani ni nyuzi mbili zinazokutana katikati ya kitambaa, wa juu na wa bobini. Geuza kitambaa uangalie. Uzi ukiwa umejirundika chini kwa vitanzi, wengi hukimbilia bobini na kuanza kukaza skrubu. Hapo ndipo mashine inapoharibiwa. Vurugu ya chini kwa kawaida hutoka juu: uzi wa juu umelegea, au haukuingia katikati ya vile visahani viwili vinavyoubana. Mtu ametunga uzi huku mguu wa cherehani ukiwa chini, visahani vimefumba, uzi umepita pembeni. Nyanyua mguu, chomoa uzi wote, tunga upya toka mwanzo. Na kama ni uzi wa bobini ndio unaochungulia juu ya nguo, basi wa juu umekazwa mno au wa chini umelegea.

Bobini nayo ina kipimo chake, hakihitaji chombo. Itie kwenye kesi yake, shika ncha ya uzi, uache kesi ining'inie. Isiteremke yenyewe. Mtikisiko mdogo wa mkono uishushe kidogo, kisha isimame. Ikiporomoka, imelegea, isipotikisika, imebana. Kabla ya kugusa skrubu, safisha kwanza chini ya kile kibamba chembamba cha kesi, maana nyuzinyuzi za kitenge hujificha hapo na kukipanua. Ikibidi kuzungusha, iwe kidogo sana, na chini utandike kitambaa cheupe. Skrubu hiyo ikidondoka mchangani, ndiyo safari ya Kibiti.

Cherehani inayoruka, inayoacha pigo moja au mawili bila kushika, huhukumiwa haraka: "Imepoteza taimingi." Mimi huuliza sindano kwanza. Je, imepinda? Ilaze juu ya kioo: mwanga chini yake usipolingana toka shina hadi ncha, imepinda. Je, imepandishwa hadi mwisho? Je, imegeuzwa? Upande wenye mfereji mrefu ndio uzi unakoingilia. Upande uliosawazishwa ndio unaoelekea ndoano ya chini. Kosa jingine linazidi siku hizi kwa sababu mashine za kiwandani zimeingia mitaani: sindano zake zina shina la mviringo, zimeandikwa DBx1. Cherehani hizi nyeusi zinataka HAx1. Soma pakiti. Namba nayo ifuate kitambaa: 14 kwa khanga na kitenge, 16 au 18 kwa jinzi, 11 kwa shifoni.

Taimingi inapotea, ndiyo, lakini kwa nadra. Sindano ikifika chini kabisa kisha ikapanda kiasi cha milimita mbili, uzi hufanya kitanzi, na ndoano hupita hapo juu kidogo ya tundu la sindano kukidaka. Zungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, utaliona tendo hilo kwa macho. Ndoano ikipita bila kudaka hata kwa sindano mpya, huenda fito ya sindano imeteleza baada ya kugonga chuma. Hiyo ni kazi ya fundi aliyezoea.

Kinachotesa mashine za delta zaidi ni hewa ya chumvi. Kutu hukwaruza tundu la bamba inapopita sindano, na ncha ya ndoano, uzi unakatika, lawama anapewa muuza uzi. Pitisha uzi mweupe kwenye tundu hilo. Ukinasa, sugua kwa msasa laini kabisa. Mafuriko ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti yaliingia majumbani na matope yake, na cherehani iliyozama inahitaji kufunguliwa, kuoshwa na kukaushwa kabla haijakanyagwa. Iliyoganda kwa mafuta ya zamani, itie tone la mafuta ya taa kila tundu la mafuta, kanyaga kwa kasi dakika chache bila uzi, futa, kisha tia mafuta mepesi ya cherehani. Mafuta ya nazi na ya kupikia yasiiguse: hukauka yakawa gundi.

Na kama umefanya yote na bado inaruka, isafirishe. Ila kichwa kisiende peke yake. Weka kwenye kiroba bobini na kesi yake, sindano unayoitumia, uzi wako, na kipande cha nguo chenye mshono mbovu, uzi wa juu rangi moja na wa chini rangi nyingine, ili fundi wa Kibiti aone ulichokiona wewe.